Mfupa Mweusi wa Mwimbaji

SEHEMU YA SABA

Tulipoachana, msomaji wangu, Daktari Oduor alikuwa ameupasua mguu wa Lusweti chini ya goti, akatenga nyama pembeni, akatazama ndani, kisha akasema neno moja tu: "Hapana."

Leo tutazame alichokiona.

Mfupa ulikuwa mweusi.

Haukuwa weusi wa damu iliyoganda, wala wa matope ya shambani. Ulikuwa mweusi kama sufuria ya kupikia nje, kuanzia pale ulipovunjika kwenda juu na kwenda chini, kadiri jicho lilivyofika.

"Sista, sogeza taa," alisema Daktari Oduor.

Sista Jepkorir akaisogeza. Mfupa ukazidi kuwa mweusi.

"Umewahi kuona kitu kama hiki?"

"La, daktari. Na wewe?"

"Nimefanya kazi Kisumu, nimefanya Nairobi, sasa niko hapa Kakamega. Mifupa nimeona mingi. Yote ilikuwa myeupe."

Kwa wewe uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Lusweti ni mkulima wa miwa kule Matungu, na ni kiongozi wa kwaya ya kanisa la Mchungaji Erastus. Alikuwa amepanda juu ya trela kusindikiza miwa yake kiwandani. Trela likaingia shimoni, miwa ikabaki juu, yeye akaanguka. Mguu wa kushoto ukavunjika vibaya, akaletwa katika hospitali moja ya misheni karibu na mji wa Kakamega. Sasa yuko mezani, amelazwa usingizi wa dawa, hajui lolote.

Daktari Oduor alifikiria mambo mawili. Huenda mfupa umekufa. Huenda ni saratani. Yote mawili huishia kwenye msumeno.

Akachukua keekee ya mifupa, akatoboa tundu dogo.

Damu ikatoka. Nyekundu, yenye uhai.

"Mfupa uliokufa hautoi damu," alisema, kama anayejisahihisha.

Basi hakukata. Alichukua kipande kidogo cha mfupa kwa ajili ya maabara ya Nairobi, akaunganisha palipovunjika kwa bamba la chuma na skrubu, akashona. Kisha akawatazama wote waliokuwamo.

"Neno hili lisitoke nje ya chumba hiki."

Wote walitikisa kichwa kukubali. Aliyetikisa zaidi ya wote ni Clifford, msukuma vitanda.

Kabla Lusweti hajafumbua macho, habari ilikuwa imefika kwa mama wa chai aliye langoni. Kutoka hapo ikapita Mumias bila kusimama. Ilipofika Matungu, mfupa ulikuwa mweusi na unatoa moshi. Mzee mmoja sokoni aliapa kwamba ulipokatwa ulilia.

* * *

Lusweti alipozinduka alikuta mkewe ameketi karibu na kitanda. Huyu ni Namalwa, mshonaji nguo, binti wa mkulima wa mahindi kule Chekalini, mama wa msichana mmoja anayeitwa Mitchel. Si mwanamke wa maneno mengi. Mshonaji huwa na pini mdomoni muda mwingi, na mazoea hujenga tabia.

"Baba Mitchel, umeamka?"

"Nimeamka. Mguu uko?"

"Uko."

Daktari Oduor akaingia. Alikuwa amevua nguo za upasuaji lakini uso wake ulikuwa bado uko ndani ya ule mguu.

"Bwana Lusweti, kuna jambo. Mfupa wako ni mweusi."

"Mweusi namna gani?"

"Mweusi. Sijui kwa nini. Umewahi kufanya kazi na kemikali? Rangi? Dawa za kunyunyizia shamba?"

"La."

"Kuna dawa yoyote unayomeza? Ya aina yoyote, kwa muda mrefu?"

Lusweti alitazama dari.

"Mimi sinywangi dawa, daktari. Mimi ni mtu wa maombi."

Na hapo, msomaji, lazima nikueleze mtu huyu ni nani kule kwao, maana jibu hilo halikutoka hewani.

Alipokuwa kijana, Lusweti alikuwa na uso ulioharibika. Si chunusi hizi za kawaida. Yalikuwa majipu yaliyoshika mashavu yote na shingo, yakipasuka na kuacha makovu, hata watoto walimpisha njiani. Kisha yakaja maombi makubwa ya Mchungaji Erastus pale uwanjani Matungu. Lusweti aliombewa. Baada ya miezi kadhaa uso wake ulikuwa laini kama yai.

Ushuhuda huo ulijenga kanisa. Watu walikuja kutoka Musanda na mbali zaidi kumtazama mashavu. Kwaya yake ilirekodi kaseti iliyoitwa Uso Mpya, na kwenye jalada hapakuwa na kwaya. Palikuwa na uso wa Lusweti peke yake, ukitabasamu.

Mtu wa namna hiyo hamezi dawa.

* * *

Mama yake Lusweti aliwasili siku iliyofuata, akifuatana na Mchungaji Erastus. Anaitwa Awinja. Ni mjane mwembamba, mnyoofu, anayetembea kama anayekwenda kumkamata mtu.

"Mulembe," alisalimu mlangoni, na kabla hajajibiwa akamgeukia Namalwa. "Wewe. Ni nini umemlisha mtoto wangu?"

Namalwa alisimama kwa heshima. "Mama, nimempikia kama siku zote."

"Ndiyo nauliza! Mfupa haupakwi rangi kutoka nje. Umepakwa kutoka ndani, kwa chakula. Na chakula cha nyumba hiyo nani anapikanga?"

"Mimi, mama."

"Amesema mwenyewe. Mchungaji, umesikia?"

Mchungaji Erastus alisema amesikia. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, asiyependa kuulizwa jambo la haraka.

"Kule Chekalini kwenu," Awinja aliendelea, "watu wamechanganyika kutoka kila pembe. Nani anajua mlifundishwa nini? Mwanangu alikuwa mzima. Mungu mwenyewe alimsafisha uso mbele ya watu. Leo anasafishwa nje, anaozeshwa ndani. Huo ni mkono wa mtu!"

Wodi nzima ilitega sikio ili isikose neno.

Namalwa alimtazama mumewe. Lusweti alikuwa amefumba macho. Alikuwa hajalala. Mkewe alimjua akilala, maana hukoroma.

"Baba Mitchel," alisema polepole, "mwambie mama."

"Mguu unaniuma," Lusweti akajibu.

Kuanzia siku hiyo Namalwa alikatazwa kumpikia. Awinja alipanga chumba mjini, akawa analeta mwenyewe obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku wa kuchemshwa, akimlisha mwanawe kwa mkono wake na kumtazama mkewe juu ya bakuli. Namalwa aliendelea kuja. Aliketi upande wa miguu. Alifua nguo za mgonjwa, akazianika, akarudi zake.

Huko Matungu wateja wake waliacha kuleta vitambaa. Wengine walituma watu kuchukua nguo ambazo hazijamalizika, sketi isiyo na zipu, blauzi ya mkono mmoja. Mitchel alirudi kutoka shule akauliza, "Mama, ni kweli baba ana mifupa kama ya makaa?" Namalwa akamwambia ale kwanza.

* * *

Majibu ya Nairobi yakaja. Si saratani. Si usaha. Mfupa una rangi, na maabara haijui rangi hiyo imetoka wapi.

Daktari Oduor alifurahi nusu. Nusu nyingine ilikuwa mikononi mwa daktari mkubwa wake, mzee aliyekuwa karibu kustaafu na asiyetaka kustaafu na fumbo.

"Oduor, kitu usichokijua usikiache ndani ya mgonjwa," mzee alisema. "Kidonda chake kinachelewa kufunga. Mfupa ule ukiambukizwa tutampoteza mtu mzima kwa kuokoa mguu. Ukate juu ya goti."

"Mfupa unatoa damu, daktari. Uko hai."

"Ni mweusi. Jumatatu, kama huna maelezo, ukate."

Oduor alimpelekea Lusweti habari hiyo bila kuipamba. Akauliza tena, "Una hakika hakuna dawa?"

Lusweti aliutazama mguu wake. Nitakuambia alichokuwa akiwaza, maana alikuja kukiri mwenyewe baadaye. Alikuwa akiwaza kwamba mtu anaweza kuimba akiwa ameketi.

"Nina hakika," alisema.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo halikumsubiri. Wiki zilikuwa zimepita tangu aletwe hospitali. Asubuhi moja Sista Jepkorir alipokuja kumpima joto alisimama, akainama, akamtazama kidevu.

"Umeumwa na mdudu?"

Haikuwa mdudu. Kesho yake majipu yalikuwa mengi. Kesho kutwa yake yalikuwa yamepanda mashavuni, mekundu, yenye vichwa. Ule uso wa kwenye kaseti ulikuwa unaharibika mbele ya wodi nzima.

Awinja alipiga kelele. "Sumu inatoka! Tangu nimpikie mimi, sumu imekosa mahali pa kukaa, sasa inakimbia!"

Mchungaji Erastus alitazama majipu yale, akatazama viatu vyake.

Lusweti aliomba kioo. Alipojiona alijifunika shuka mpaka kichwani. Mguu ulikuwa ukatwe Jumatatu, na hakujifunika. Alijifunika kwa sababu ya mashavu.

Alasiri hiyo, mama yake alipotoka kununua sabuni, alimshika Namalwa mkono.

"Mama Mitchel, nisikilize. Pale chumba cha kwaya kuna spika kubwa iliyokufa. Fungua nyuma yake. Kuna mkebe. Niletee. Usimwambie mtu."

"Kuna nini ndani?"

"Niletee tu."

"Mama yako ananiita mchawi, na wewe unanituma vitu vya kufichwa?"

"Nakuomba."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akiomba kitu kwa mtu. Namalwa alikwenda.

* * *

Alirudi kesho yake saa ya kuwaona wagonjwa, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu kulikuwa na leso, sabuni, na mkebe wa kahawa. Alikuwa ameufungua njiani. Ulijaa tembe za rangi mbili, nyingi, zinagongana kama mbegu.

Hakujua ni za nini. Alikusudia kumuuliza mwenyewe.

Hakupata nafasi. Awinja alikuwa mlangoni.

"Leta hicho kikapu."

"Mama, ni nguo tu."

"Kama ni nguo, leta."

Mkono wa Awinja ulikuwa mwepesi kuliko umri wake. Leso ikaenda huku, sabuni kule, mkebe ukaanguka, kifuniko kikaruka. Tembe zikatawanyika sakafuni, zikapita chini ya vitanda, nyingine zikasimama mbele ya viatu vya Mchungaji Erastus.

Awinja aliokota moja.

"Hii hapa," alisema Awinja, na sauti yake haikuwa ya ushindi tena. "Hii hapa sumu ya mwanangu. Sasa hawezi kumlisha nyumbani, amemfuata nayo mpaka hospitali. Watu wa Mungu, mnaona kwa macho yenu?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa na plasta mikono yote miwili, alisema anaona.

Namalwa hakumjibu mama mkwe. Alimgeukia mumewe.

"Baba Mitchel. Sema."

Lusweti alitazama mama yake. Akamtazama mchungaji. Akafungua mdomo.

Akaufunga.

Kofi la Awinja lilitua shavuni pa Namalwa. Lilisikika mpaka wodi ya watoto.

Namalwa hakuinua mkono. Hakulia. Aliendelea kumtazama mumewe tu, kama mtu anayepima kitambaa na kuona kwamba hakitatosha.

"Kuna nini hapa?" Daktari Oduor alikuwa ameingia, na Sista Jepkorir nyuma yake. "Hii ni hospitali!"

"Daktari, tumemshika!" Awinja alisema. "Sumu yenyewe hii, imemwagika."

Oduor aliinama, akaokota tembe moja. Akaisogeza dirishani, akasoma herufi ndogo zilizoandikwa juu yake. Akaisoma tena. Kisha akaokota ya pili, kana kwamba ya kwanza ingeweza kumdanganya.

"Minosaiklini," alisema.

"Jina lake hilo?" Awinja aliuliza. "Inauanga polepole?"

Daktari hakumjibu. Alimgeukia Namalwa. "Mama, hizi ni za nani?"

"Muulize mwenye mfupa."

Oduor akasogea kitandani. Alimtazama Lusweti mashavu kwa mara ya kwanza kama daktari anayetazama ugonjwa, si kama mpita njia.

"Bwana Lusweti, nitakuuliza mara moja tu. Kama tembe hizi ni zako, na umezimeza miaka mingi, basi nimejua mfupa wako ni mweusi kwa nini, na mguu unabaki. Kama si zako, sijui lolote, na Jumatatu nakata. Ni zako?"

Wodi nzima ilisogea mbele bila kutoka vitandani.

Lusweti alishika ukingo wa shuka. Jasho lilimtoka katikati ya majipu.

"Zangu," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Ni zangu."

"Umezitumia muda gani?"

"Zaidi ya miaka kumi. Nilipewa na daktari wa ngozi nilipokuwa Nairobi kwa mjomba. Aliniambia nitumie miezi michache."

"Na wewe?"

"Nilipoacha, uso ulirudi vile. Basi sikuacha tena. Nilikuwa nazinunua Kisumu, ambako hawanijui."

Oduor aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo si kawaida yake, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo.

"Mama," alimwambia Awinja, "hii ni dawa halali. Inaua vijidudu vya majipu. Mtu akiitumia miezi michache, hana shida. Akiitumia mwaka baada ya mwaka bila kuonana na daktari, rangi yake hukaa mwilini. Wengine huiona kwenye makovu au kwenye kucha. Yeye imeingia mifupani. Nilisoma habari hizi zamani, nikasahau, kwa sababu sikuwahi kukutana na mtu wa kunikumbusha. Mfupa umepata rangi tu. Haujaoza, haujarogwa. Na hakuna mwanamke aliyempikia rangi hiyo."

"Utakuwa mweupe tena?" Lusweti aliuliza.

"Sidhani. Pengine utazikwa nao hivyo. Lakini utazikwa uzeeni, ukiwa na miguu miwili. Tembe hizi ziache leo. Uso wako tutautafutia njia nyingine, mbele ya daktari."

Awinja alikuwa bado amesimama. Mkono uliopiga kofi ulikuwa umebaki hewani kidogo, kama haujui urudi wapi.

"Lusweti," alisema. "Na yale maombi?"

"Mama, niliomba kweli. Nilimeza na nikaomba. Uso ukasafika. Mwanzoni mimi mwenyewe sikujua ni kipi kilichosaidia. Watu wakaniuliza, nikataja kimoja. Kesho yake nikataja hicho hicho. Baadaye ikawa kaseti."

"Tuombe," alisema Mchungaji Erastus.

Hakuna aliyefumba macho.

* * *

Ungedhani mambo yameisha, msomaji. Mguu umepona msumeno, mke amesafishwa jina. Lusweti naye alidhani hivyo. Alinyoosha mkono kumshika Namalwa.

Namalwa alikuwa ameinama, anaokota leso yake. Akaikunja. Akaiweka kikapuni.

"Mama Mitchel, nisamehe. Sasa umesikia. Wote wamesikia."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Daktari alipoutaja mguu, ulisema. Mama yako aliponiita mchawi, ulinyamaza. Aliponipiga, ulinyamaza." Alisema bila kupandisha sauti. "Sikukasirika kwa sababu ya tembe. Ungeniambia ningekununulia mimi mwenyewe. Nimejua tu bei yangu ukinilinganisha na mguu."

"Mama Mitchel..."

"Nakwenda kwa baba yangu."

Awinja alimfuata mpaka kwenye ngazi. Alitaka kusema kitu. Ni mwanamke ambaye hajawahi kuomba radhi maishani, na maneno ya kazi hiyo hakuwa nayo. Alisema tu, "Mvua inakuja. Chukua mwavuli wangu."

Namalwa alisita, akauchukua.

Alimchukua Mitchel, wakaenda Chekalini. Lusweti alipona. Picha za eksirei zilionyesha mfupa umeshikana vizuri, na katika picha, kama mifupa yote ya binadamu, ulionekana mweupe. Alitoka hospitali kwa magongo, uso wake ukiwa na makovu mapya, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye boma la baba mkwe wake kule Chekalini. Aliketishwa nje, akapewa chai. Namalwa alitoka na sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani mwa gauni.

"Nifanye nini urudi?" Lusweti alimuuliza.

"Huko hospitali walikusikia wagonjwa wachache. Matungu nzima bado inaniita mchawi. Ulipousema ule ushuhuda wa kwanza, ulisimama wapi?"

"Kanisani. Kwenye maikrofoni."

"Basi unajua mahali."

* * *

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu walikuwa wamesikia kwamba Uso Mpya atasimama, na hawakujua atasema nini. Namalwa alikuja, akaketi benchi la mwisho la wanawake na Mitchel. Waliokuwa hapo walisogea kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Lusweti alipanda jukwaani kwa magongo.

"Bwana asifiwe. Ndugu zangu, mnanijua. Mnajua uso wangu. Leo nataka niwaambie ukweli wa uso huu. Miaka hii yote nilikuwa..."

Maikrofoni ikafa.

Mchungaji Erastus alikuwa amesimama ukutani, waya mkononi. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ndogo, lakini benchi la mbele lilisikia yote.

"Kaa chini, ndugu."

"Mchungaji, ni lazima niseme. Mke wangu..."

"Mfupa ni wako, Lusweti. Ushuhuda ni wa kanisa. Kuna vijana hapa wanaoamini kwa sababu yako. Unataka kuwavunja?"

Na Lusweti, ambaye alikuwa amekuja kwa ujasiri wote alioweza kuukusanya, alisimama kati ya magongo yake mawili na akakosa neno. Kwa mara nyingine.

Ndipo benchi la mwisho likasikika likisukumwa.

Namalwa alitembea katikati ya kanisa. Hakuharakisha. Mzee mmoja wa kanisa alinyanyuka kumzuia, lakini mtu mwingine alikuwa amemtangulia njiani. Awinja. Mikono ameitandaza, amesimama katikati ya njia.

Watu walinyanyuka kuona. Sasa atampiga tena.

"Mwacheni apite," Awinja alimwambia yule mzee. "Nilimwita mchawi mbele ya watu. Nilimpiga mbele ya watu. Ni mimi nilikosea. Mtoto wangu alikuwa anameza dawa ya majipu, na mimi nikampiga mke wake." Akageuka, akamtazama Namalwa machoni. "Nisamehe, mwanangu."

Maneno aliyoyakosa kwenye ngazi yalikuwa yamepatikana.

Mnong'ono ulipita kanisani kama upepo kwenye miwa. Dawa? Dawa gani? Mashavu yote yale yalikuwa dawa?

Namalwa alimshika mama mkwe mkono, akaubana mara moja, akaendelea mbele. Hakupanda jukwaani. Alisimama chini, akawageukia watu. Sauti yake haikuhitaji umeme.

"Sikuja kueleza habari za mfupa. Mama ameshaeleza. Mimi nina swali moja. Nimewashonea nguo za harusi. Nimewashonea sare za watoto wenu, na sanda za wazazi wenu. Mlikula kwangu. Nani hapa alijua moyoni kwamba mimi si mchawi, akanyamaza?"

Mtoto alilia mahali, akanyamazishwa kwa titi.

Kisha mkono mmoja ukainuka, pale mbele, kwenye kiti chenye mto.

Ulikuwa wa Jelagat, mke wa Mchungaji Erastus, mwanamke wa Kinandi ambaye kwa miaka yote hiyo kanisa halikuwahi kumsikia akisema zaidi ya amina. Aliinuka. Akampita mumewe, akamtoa ule waya mkononi kama mtu anayemnyang'anya mtoto kijiti, akauchomeka ukutani.

Spika zikavuma.

"Mimi nilijua," alisema Jelagat kwenye maikrofoni. "Nilijua kabla mfupa haujaonekana."

"Mama, keti," alisema Mchungaji Erastus.

"Nilijua kwa sababu Lusweti si wa kwanza." Aligeuka, akamnyooshea mumewe kidole mbele ya kanisa zima. "Mwambie, Erastus, yuko wapi yule msichana uliyemwombea kabla yake."

(Itaendelea)